Kesi ya Samaki wa Mama Winny

Mwanzia hakuwa mtu wa kusingizia watu. Kabla hajafungua mdomo kumlaumu Aoko, alikuwa amekaa na ushahidi wake miezi minne, akiupima huku na huku, na ushahidi wenyewe ulikuwa huu: kazini hakohoi. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri alikaa kwenye banda la wachongaji kule Jericho, akichonga vifaru na twiga, na kifua chake kilikuwa kimya kabisa. Akirudi nyumbani Kayole, akivua viatu na kuketi, saa moja ya jioni ikifika kifua kinaanza kupiga filimbi. Na saa moja ya jioni ndiyo saa ambayo mafuta ya Aoko, chini getini, huwa yameshachemka.

Ukimsikiliza yeye akieleza, hata wewe ungetia sahihi.

Aoko alikuwa mjane mwenye chumba cha chini, na ploti nzima, jengo lao la kupanga, ilimwita Mama Winny kwa jina la binti yake. Alikuwa amekaanga samaki pale getini miaka tisa: jiko la makaa, karai jeusi, beseni la mbuta waliokatwa vipande na ngege wazima wenye mikato mbavuni. Watu waliotoka kazini walimpitia kabla ya kupanda ngazi. Mwanzia mwenyewe alikuwa mteja wake wa kila Alhamisi. Alipenda kichwa, na Aoko alimwekea kichwa bila kuulizwa.

Ugonjwa ulianza mwezi wa pili kama kikohozi tu. Mwezi wa nne ukawa ni kubanwa. Kwenye zahanati walimpa pampu ya bluu ya kuvuta dawa wakamwambia ni pumu, na Mwanzia akatoka amekasirika. Pumu katika umri wa miaka hamsini na mmoja! Pumu aliijua kuwa ugonjwa wa watoto, wale wanaofungwa masweta mpaka shingoni. Kama yeye amebanwa, basi kuna kitu kinachombana, na kitu hicho atakitafuta mpaka akipate.

Akakitafuta. Baridi akaiondoa, kwa sababu mwezi wa pili Nairobi ni jua tupu. Blanketi Muthoki mkewe alilifua, likaanikwa siku mbili. Paka wa jirani alifukuzwa kwa fagio. Mwisho ulibaki ule moshi uliopanda ngazi kila jioni, na siku moja akamsimamisha Aoko mlangoni.

"Mama Winny, hiyo moshi yako inanimaliza."

"Moshi gani, Baba Koki? Makaa yangu imekauka. Hiyo ni harufu tu."

"Harufu, moshi, yote inaingia kwa kifua."

"Pole sana. Basi wacha nisogee."

Akasogea. Alihamishia jiko upande wa pili wa geti, karibu na mtaro. Kifua cha Mwanzia kikapiga filimbi saa ile ile. Akaanza kukaanga saa tisa na jioni akawa anapasha moto tu, na bado filimbi ikapigwa. Mtu mwingine angejifunza kitu hapo, lakini Mwanzia alikuwa ameshakata shauri, na mtu aliyekata shauri hana kazi na masomo. Kila alichofanya Aoko kilihesabiwa kuwa dalili ya hatia. Asiye na hatia angesogea kwa nini?

Muthoki, ambaye alikuwa na macho na alikuwa na kalenda, alimuuliza swali moja tu.

"Baba Koki, Mama Winny ni Msabato. Ijumaa jioni hagusi jiko. Na Ijumaa unakohoa. Jumapili anakaanga mpaka usiku, na wewe unalala kama gogo. Inakuaje?"

"Ijumaa ni ile harufu ilishika ukuta," alisema Mwanzia. "Jumapili upepo huenda upande ule mwingine."

Muthoki alimtazama, akarudi kwenye mboga zake. Walikuwa wameoana miaka ishirini na sita, na alijua mahali pa kuacha.

Barua ya kumshtaki Aoko kwa mwenye ploti Mwanzia aliiandika mwenyewe kwa Kiswahili cha ofisi, yenye kichwa cha habari kilichopigwa mstari: MOSHI WA SAMAKI NA ATHARI ZAKE KWA WAPANGAJI. Akaizungusha mlango kwa mlango. Watu kumi na wanne walitia sahihi, wengine kwa sababu walimheshimu, wengine kwa sababu karatasi ilikuwa imeshafika mlangoni na kalamu ipo. Jamaa wa ghorofa ya tatu alidhani ni ile barua ya kulalamikia maji.

Kwenye mkutano wa wapangaji, mbele ya geti, Mwanzia alisimama akaisoma yote kwa sauti. Alisoma vizuri, polepole, akipumzika kwenye nukta. Aoko alikuwa amesimama pale pale mbele ya beseni lake tupu, mikono ameikunja, akisikiliza habari zake mwenyewe. Opicho, msimamizi wa ploti, aliichukua barua akaikunja mara nne.

"Mimi ni wa kutumwa tu," alisema. "Nitampelekea mwenye ploti."

Siku ya tatu jibu likaja kwa simu. Aoko anaweza kuendelea kuishi, lakini jiko litoke mwisho wa mwezi.

Jioni ya siku hiyo alibisha mlango kwa Mwanzia akiwa na ngege wawili ndani ya gazeti.

"Sikukuja kubishana, Baba Koki. Nimekuja kuuliza. Miaka tisa. Kuna siku nilikukosea?"

"Si ubaya, Mama Winny. Ni kifua."

"Na mimi nitakula hicho kifua? Winny amebakisha mwaka mmoja chuoni. Huko barabarani nani ananijua?"

Mwanzia alikohoa, na safari hii alikohoa kwa hiari. Aoko alimkabidhi Muthoki wale samaki akashuka ngazi. Muthoki aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Samaki waliliwa hata hivyo, na walikuwa watamu kama siku zote.

Mwezi ukaisha. Aoko alihamia Spine Road, akawa anatoka saa tisa na karai kichwani, anarudi saa nne. Jumatatu ya kwanza bila jiko getini, Mwanzia alifungua dirisha, akavuta kiti, akaketi kungoja hewa safi. Hewa ikaja. Ilikuwa na harufu ya mtaro na ya sukuma wiki ya jirani, lakini ya samaki haikuwepo. Saa moja na robo kifua kikafunga.

Kilifunga kuliko siku zote. Hewa iliingia kidogo ikakataa kutoka, na akawa anavuta nyingine juu ya ile ya kwanza, mabega yakipanda mpaka masikioni. Pampu ya bluu aliifinya mara nne, mara sita, bila nafuu. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Muthoki alimfunga mgongoni mwa mwenye bodaboda kwa leso, akapanda nyuma yake, na wakafika hospitalini akiwa hawezi kutaja hata jina lake. Wakamvika barakoa ya mvuke wa dawa. Baada ya nusu saa alipata neno la kwanza, nalo lilikuwa "samaki," na Muthoki akamwambia anyamaze.

Siku nne baadaye alikaa mbele ya tabibu wa kliniki ya kifua, mwanamke mdogo kwa umri anayeitwa Shamso, aliyeandika bila kuinua kichwa. Mwanzia akamweleza kesi nzima, toka geti hadi barua. Shamso alimwacha amalize.

"Mzee wangu, unafanya kazi gani?"

Katika miezi yote ile, hilo lilikuwa swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Nachonga. Wanyama. Lakini kazini sikohoi, daktari. Hiyo nimeshaiondoa."

Shamso alimpa kibomba cha plastiki chenye mstari wa namba. Ukipuliza kwa nguvu, mshale unapanda, na namba inasema pumzi yako inatoka kwa kasi gani. Mwanzia apulize mara nne kwa siku, asubuhi, adhuhuri, saa kumi na saa moja jioni, aandike, arudi baada ya wiki mbili. Asiruke siku yoyote, na dawa asiache. Hakumwambia anatafuta nini.

Wiki ya kwanza Mwanzia alikwenda kazini kama kawaida na namba akaziandika kwa penseli yake ya kuchorea miti. Wiki ya pili mzee Ndete akafa, aliyekuwa mkubwa wa banda. Wachongaji wa banda lile wana sheria yao: mwenzao akifa, hakuna anayeshika ngomo, kile kishoka chao kidogo, mpaka azikwe. Mazishi yalingoja ndugu mmoja atoke mbali, kwa hiyo banda likafungwa siku nane. Mwanzia alikaa Kayole siku zote hizo, kwenye chumba kile kile, dirisha lile lile, akipuliza kibomba na kumlilia Ndete.

Aliporudi kliniki, Shamso aliitandaza karatasi mezani na kuweka kidole.

"Hapa. Siku za kazi. Adhuhuri uko mia tatu na themanini. Saa moja jioni, mia mbili na kumi. Kila siku. Sasa hapa wiki ya pili namba inapanda, inapanda, na jioni haishuki. Mpaka mia nne na thelathini. Hii wiki ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Tulikuwa na matanga, banda lilifungwa."

"Nyumbani ile ile unasema inakuua?"

Mwanzia alitazama namba alizoziandika mwenyewe. Hakupenda alichokiona.

"Mnachonga mti gani?"

Akamwambia. Zamani ilikuwa muhugu, lakini muhugu siku hizi kuupata ni kazi, na tangu mwezi wa kwanza banda lilikuwa likinunua vipande vya mvule vilivyobaki kwa mafundi wa fanicha. Mti mzuri, mzito, unakubali msasa. Asubuhi wanakata kwa ngomo, na vibanzi vya ngomo ni vikubwa, vinaanguka miguuni. Baada ya chakula cha mchana wanapiga msasa na kuchonga macho.

"Na vumbi ya ndani ya jicho mnatoa na nini?"

"Tunapuliza," alisema Mwanzia, akishangaa swali. "Brashi inakwaruza. Baba yangu alinifunza, pumzi haikwaruzi."

"Nionyeshe."

Akachukua kalamu ya Shamso, akaishika kana kwamba ni kifaru, akaiinamia mpaka pua ikaribie kugusa. Akapuliza. Kisha akavuta hewa, kwa sababu aliyepuliza lazima avute.

"Tena," alisema Shamso.

Akapuliza tena, akavuta tena, na safari hii alijisikia akivuta. Aliirudisha kalamu mezani taratibu.

Shamso akageuza karatasi, akachora bomba. Njia ya hewa, alisema, ina utando laini ndani, na kwenye utando huo mwili umeweka walinzi. Vumbi la mvule kwa watu wengi hupita tu, mtu akapiga chafya yakaisha. Lakini kuna miili inayolikariri kama adui. Inachukua miezi, pengine miaka, na siku ikishalikariri haisahau. Punje chache zikitua, walinzi wanapiga kelele, utando unavimba, makamasi yanajaa, misuli inayozunguka bomba inakaza. Akachora bomba la pili, tundu lake jembamba kama la sindano.

"Mbona basi nisikohoe pale pale?"

"Wapo wanaobanwa pale pale. Wewe mwili wako unaita jeshi la pili, na hilo linachelewa. Baada ya masaa matano, sita. Unavuta vumbi saa nane mchana ukiwa Jericho, linakukamata saa moja ukiwa Kayole. Ukiangalia nje, ni nani unamuona?"

Mwanzia alilitazama lile bomba jembamba.

"Na Jumapili hakuna jeshi, kwa sababu Jumapili hupulizi macho ya kifaru."

"Na samaki?"

"Moshi wa makaa si rafiki ya kifua chako, usiukalie. Lakini si yule mama aliyekufunga kifua. Mvule uache kabisa. Si kupunguza, si kuvaa kitambaa. Kuacha."

Akamwandikia pampu ya pili, ya kuvuta asubuhi na jioni hata akiwa mzima, ya kutuliza ule uvimbe. Mwanzia alitoka nje akakaa kwenye benchi na karatasi mkononi. Wahenga walishamaliza: kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa akiusema msemo huo kwa watu wengine tangu akiwa kijana.

Angeweza kunyamaza. Karatasi ilikuwa yake, na hakuna mpangaji aliyejua kuisoma. Kwa wiki tano alinyamaza kweli. Alirudi kwenye miti ya mwembe na jakaranda, akahamia nje ya banda, akawa anafuta macho ya vifaru kwa kitambaa chenye maji, na wenzake wakamtania kwamba Mwanzia siku hizi anawaosha wanyama uso kabla hawajaenda kwa Wazungu. Namba zikabaki juu. Kila alasiri alimwona Aoko akipita na karai kichwani, na Aoko alimsalimia, "Habari ya mchana, Baba Koki," kwa adabu kamili, na Mwanzia aliitikia akitazama viatu vyake. Alijua nafasi ya getini ni ya nani, na alijua nani mwenye kinywa cha kuirudisha.

"Barua uliisoma kwa sauti," alisema Muthoki mwishowe, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria. "Hii unataka kuisoma kimoyomoyo?"

Jumapili ya mkutano Mwanzia alisimama mbele ya geti na karatasi ya kliniki. Alisoma namba zote, siku kwa siku. Akaeleza mvule, akaeleza kupuliza, akasema amekosea na nafasi ya Mama Winny irudishwe. Wale kumi na wanne walitazama simu zao. Jamaa wa ghorofa ya tatu aliuliza kama hilo la maji limefikia wapi.

"Mzee, umechelewa," alisema Opicho. "Nafasi ilipewa kijana wa makava ya simu. Ameshapiga mwavuli. Mwenye ploti hawezi kumtoa, na mimi ni wa kutumwa tu."

Mwavuli ulikuwepo, mwekundu, mahali pa jiko. Aoko hakuwepo. Alikuwa kazini.

Mwanzia alitembea mpaka Spine Road. Alimkuta amebanwa kati ya muuza viatu vya mitumba na fundi wa redio, kwenye kipande cha ardhi kisichotosha hata kigoda. Wateja walikuwa watatu. Getini, saa kama hiyo, wangekuwa ishirini. Akapanga foleni nyuma yao, na zamu yake ilipofika Aoko aliuliza bila kuinua macho.

"Ngapi?"

"Sikuja kununua, Mama Winny. Haikuwa samaki yako. Ilikuwa vumbi ya kazi yangu. Nilikukosea, na leo nimesema mbele ya watu wote."

"Nimesikia. Opicho amenipigia."

"Nafasi imeenda."

"Hiyo pia amenieleza."

Aoko aligeuza kipande cha mbuta, akaangalia upepo unakotoka, kisha akanyoosha uma kuelekea upande wa pili wa jiko.

"Simama hapo. Hapo ndio moshi inakuja. Simama mpaka nimalize hii beseni, nione."

Shamso alikuwa amemwambia asiukalie moshi. Mwanzia aliushika mfuko wenye pampu akasimama. Moshi ukaja usoni, harufu ya mafuta na limau na chumvi, ile ile iliyopanda ngazi miaka tisa. Ilikuwa saa moja ya jioni. Mteja mmoja alimtazama juu mpaka chini.

"Huyu mzee anangoja nini?"

"Anapimwa," alisema Aoko.

Kila alipogeuza samaki aliinua macho kidogo, akamtazama kifuani, akarudi kwenye karai. Mteja akaondoka, mwingine akaja. Macho ya Mwanzia yalimwasha, machozi yakamtoka, lakini macho si kifua.

"Unajua kitu iliniuma?" alisema Aoko, kwa sauti ya kawaida tu. "Si kuhama. Watu kumi na nne waliandika majina. Kila mtu aliuliza mimi napika nini. Hakuna hata mmoja aliuliza wewe unafanya kazi gani."

"Hata mimi sikujiuliza."

"Hata wewe."

Akatumbukiza vipande vingine vitatu, na mafuta yakalia, na moshi mzito kuliko wa kwanza ukamfunika Mwanzia uso mzima. Alitamani kukohoa. Alitamani kifua kipige filimbi hata mara moja, kidogo tu, apate kitu cha kumwonyesha huyu mama, aonekane hakumtoa mahali pake bure. Alivuta pumzi kwa nguvu, akaisikiliza. Iliingia, ikatoka bila shida yoyote, na beseni lilikuwa bado nusu.